Barabara ya Natron inavyoyavua mashangingi nguo

UKIACHA ubishi wa Simba na Yanga, hakuna ubishi unaomaliza bia na soda za watu kama ule wa gari lipi linapanda na lipi ni la mjini. Mwenye Prado atakuambia la kwake linapita hata ukutani. Mwenye Pajero atakuuliza, kule Dakar alishinda nani? Mwenye RAV4 atasema hizo zote kelele, yeye amefika Loliondo na kurudi na hata pancha hakupata. Mwenye Freelander atanyamaza kidogo, kisha atasema gari lake ni zuri sana ila mafundi wa siku hizi hawalielewi.

Ubishi huu hauishi kwa sababu moja tu, msomaji wangu: wabishi wote wameegesha kwenye lami.

Mwamuzi yupo, ila anakaa mbali. Ni ile barabara inayotoka Mto wa Mbu mkoani Arusha, inakwenda kaskazini kupitia Engaruka, inapita miguuni pa mlima Ol Doinyo Lengai hadi kijiji cha Engare Sero kando ya Ziwa Natron, halafu inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Sonjo na Loliondo. Ujenzi wa lami umekuwa ukiimega kipande kwa kipande, kikiwemo kile cha kilometa 49 kati ya Waso na Sale. Lakini kwenye majivu ya Lengai na kwenye ule ukuta, barabara hiyo imewavua watu nguo mchana kweupe. Wewe njoo na jina lako la Kijapani au la Kiingereza, yenyewe haikuulizi jina. Inakuuliza una nini chini ya tumbo.

LAMI NI MUONGO

Kutoka Arusha kila gari ni bingwa. Unateleza hadi Makuyuni, unakata kulia, na kile kipande cha kutoka hapo hadi lango la Ngorongoro kilijengwa kwa msaada wa Japani. Yaani Wajapani wametupa magari, wakatupa na barabara ya kuyapitisha. Nani kama wao!

Mto wa Mbu unanunua ndizi zile nyekundu, unajaza mafuta mpaka tenki liseme basi, unabeba maji ya kunywa na ya rejeta. Usijidanganye kwamba mbele utapata kituo kingine cha maana. Ni zaidi ya kilometa 100 hadi Engare Sero, na njiani kinachouzwa kwa uhakika ni tiketi za mageti ya halmashauri na vijiji. Weka hela ya mageti hayo karibu, usianze kuvua soksi mbele ya watu.

Safari ninayokusimulia tulikuwa magari matatu. La kwanza lilikuwa shangingi la dizeli la mfanyabiashara mmoja wa mahindi, chesisi nzito, mataa makubwa mbele kama uwanja wa mpira. La pili lilikuwa la mama mmoja mwenye duka la vitambaa, gari la saizi ya kati, sura ya fowili na roho ya teksi. La tatu lilikuwa kigari kifupi, kikuukuu, rangi imechoka, la mwalimu mstaafu. Majina ya magari hayo nayasitiri, maana wenyewe ni watu wazima na bado tunasalimiana.

"Shikamoo Mwalimu," alisema yule wa mahindi pale kituo cha mafuta, huku akikiangalia kile kigari kwa jicho la huruma. "Sasa hiki si kitatuchelewesha?"

"Marahaba, mwanangu. Tangulieni tu. Barabara ni moja, tutakutana."

Msomaji, neno hilo liweke mfukoni.

VITU VITATU VYA KUJUA

Kabla hatujaingia kwenye vumbi, ngoja nikuvunjie ukimya wa mambo ambayo muuza magari hatakuambia. Yale maandishi ya 4WD nyuma ya gari yanaweza kuwa na maana tatu, na kila moja ina bei yake porini.

Kwanza kuna magari yaliyojengwa juu ya chesisi, body inakaa juu kama mzigo kwenye mkokoteni, na ndani kuna mkono au kitufe cha gia ndogo. Gia hiyo haikuongezei mwendo, inakuongezea nguvu: injini inazunguka sana, tairi linazunguka pole pole, gari linapanda kama mzee anayepanda ngazi. Ukishuka mteremko mkali, injini yenyewe inalishika gari, na breki zinabaki baridi.

Pili kuna magari ambayo hayana chesisi ya kujitenga, lakini yamebaki na gia ndogo na namna ya kufunga difu ya kati. Haya ndiyo yanayowachanganya wabishi.

Tatu, na ndiyo mengi barabarani siku hizi, kuna yale ambayo kwa kawaida yanavutwa na tairi za mbele tu. Tairi za mbele zikianza kuteleza, kuna kiunganishi katikati kinachowaamsha wa nyuma waje kusaidia. Kwenye tope la njia ya kwenda shambani, kinatosha kabisa. Lakini kiunganishi hicho kikilazimishwa muda mrefu kwenye mchanga, kinapata moto, na kwenye magari mengi kinajitenga chenyewe kisiungue. Hapo fowili yako inageuka tuu-wili, na wewe uko katikati ya nyika.

Halafu kuna suala la difu. Difu ya kawaida ina tabia moja mbaya, inampa nguvu yule asiye na kazi. Tairi moja likining'inia hewani, lenyewe ndilo linalozunguka kwa fujo, huku lile lililokanyaga ardhi limetulia kama mgeni rasmi. Ndiyo maana unaona gari la mamilioni limekwama kwenye kikorongo kidogo, tairi mbili za pembe tofauti ziko juu, linapiga kelele tu bila kusogea.

MAJIVU YA MLIMA WA MUNGU

Engaruka tulipita salama. Kama una nusu siku, simama uone mabaki ya kijiji cha wakulima wa kale, matuta ya mawe na mifereji ya kumwagilia iliyoachwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Watu wale walipeleka maji mashamba makubwa bila dizeli hata kijiko. Inapendeza kukumbuka hilo ukiwa ndani ya gari linalolalamika.

Baada ya hapo barabara inajikunja kama bati. Matuta madogo madogo, mamia kwa mamia, na hapo ndipo shokamzoba zinapopimwa. Zikichoka zinapata moto, mafuta yanavuja, gari linaanza kucheza mdundiko. Dawa yake si kukimbia wala kutambaa. Tafuta mwendo ambao mtetemo unapungua, baki nao, na mikono yako iwe miwili kwenye usukani.

Kisha Lengai ukatokea kushoto, umesimama peke yake kama pembe. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Unatoa lava ambayo haitokei kwenye volkano nyingine yoyote hai duniani, nyeusi, nyepesi, inatiririka karibu kama maji na ikipoa siku chache inageuka nyeupe. Mwaka 2007 hadi 2008 ulilipuka kwa nguvu na kumwaga majivu eneo kubwa. Majivu yake ya zama na zama ndiyo unayokanyaga pale chini. Ni laini kama unga wa sembe, na yanajaza makorongo yanayoshuka kutoka mlimani.

Ndani ya korongo moja la namna hiyo, gari la mama wa vitambaa lilisema hapana. Kwanza liliyumba, akaongeza mafuta. Likazama, akaongeza tena. Taa moja ikawaka kwenye dashibodi, tairi za nyuma zikaacha kuvuta, na gari likakaa kwa tumbo. Yule wa mahindi akashuka mbio na kamba mkononi, uso umejaa furaha ya mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo.

Mwalimu akafika taratibu kwenye kigari chake, akazima injini, akasema: "Tusivute. Kwanza mwacheni apumue."

Akamaanisha gari. Tukakaa kivulini robo saa na ushei. Halafu akatoa kipimo cha upepo mfukoni, akapunguza upepo wa tairi zote nne za lile gari kutoka 32 hadi 20. Tairi likalala, likawa pana kama unyayo wa ngamia. Tukafukua mchanga mbele ya kila tairi kwa mikono na sufuria. Mama akaambiwa aweke gia ya kwanza, akanyage pole pole, asikate kona. Gari likatoka lenyewe! Bila kamba, bila kusukumwa. Layoni wawili waliokuwa wanachunga mbuzi hapo jirani walicheka mpaka wakakaa chini.

Wakati tunajipukuta, bodaboda moja ikatupita ikiwa na dereva, mama, mtoto, na gunia. Hata hawakupunguza mwendo.

SASA TUYATAJE KWA MAJINA

Najua unasubiri hapa. Haya, tuyapange wenye mali wasikie, na hili ni kwa yale yanayofahamika kwa mafundi na wamiliki kote yanakotumika.

RAV4 ilitoka mwaka 1994, ikiwa gari la kwanza kubwa kwa umaarufu lililokuwa na sura ya porini juu ya mifupa ya gari dogo. Baadhi ya zile za mwanzo zilikuwa na kitufe cha kufunga difu ya kati, na ni nyepesi, jambo ambalo kwenye mchanga ni neema. Haina gia ndogo, na tumbo lake liko karibu na mawe. Spea zake Gerezani zimejaa, na hiyo nayo ni uwezo.

Suzuki Escudo, ambayo kwingine inaitwa Vitara, ilianza mwaka 1988 ikiwa na chesisi na gia ndogo. Ndogo, fupi, nyepesi, inapanda kama mbuzi. Mwaka 2005 chesisi ikaunganishwa ndani ya body, lakini matoleo mengine yalibaki na gia ndogo. Ile ya mwaka 2015 haina tena gia ndogo. Jina lile lile, tabia nyingine. Kwa hiyo mtu akikuambia "Escudo inapanda," muulize ya mwaka gani.

Prado imebaki na chesisi na gia ndogo, na ndiyo maana mafundi wa porini wanaipenda. Lakini zile za miaka ya 1990 zenye injini ya dizeli ya 1KZ zina ugonjwa unaojulikana: zikichemka, silinda hedi hupasuka. Unaponunua, maji ya rejeta ndiyo cheti cha kuzaliwa. Ukiona yana mapovu au mafuta, funga boneti, aga kwa adabu.

Pajero ndiyo inayowafunga mdomo wengi. Ilishinda mbio za Dakar mara 12, kati ya mwaka 1985 na 2007. Toleo la mwaka 1991 lilileta mfumo unaokuruhusu kuingiza fowili huku unakwenda, na hata kwenye lami kavu haikuumizi. Mwaka 1999 ikaacha chesisi ya kujitenga, watu wakasema imekwisha, kumbe gia ndogo na loki vilibaki na ikaendelea kupanda. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2021, kwa hiyo anayeitaka sasa anunue na moyo wa kutafuta spea.

X-Trail, tangu mwaka 2000, ni mfano halisi wa lile kundi la tatu. Kwenye tope fupi inajitahidi, ndani ina nafasi, familia inafurahi. Kwenye mchanga mrefu, kumbuka yule aliyepumzishwa robo saa.

Freelander ya mwaka 1997 haikuwa na gia ndogo, ila ilikuja na ujanja wa kulishikilia gari kwenye mteremko kwa breki zinazojifanyia kazi zenyewe, na wengine wote wakauiga. Ugonjwa wake uko kwenye kiunganishi cha katikati, ambacho kikizeeka kinakakamaa na kuua gia boksi ndogo ya mbele, na kwenye gasketi ya injini ya petroli ya 1.8. Ukifunga tairi mbili mpya na mbili kipara, unakiharakisha kifo hicho. Na hilo si kwake tu, fowili yoyote inayotegemea kiunganishi inataka tairi nne za saizi moja na uchakavu mmoja.

UKUTA WA BONDE LA UFA

Engare Sero tulilala. Joto la pale acha tu, uko mita 600 hivi toka usawa wa bahari na ziwa la magadi linakumulika kama kioo. Asubuhi tukaenda kuwaona heroe, wale ndege wa pinki, maana Natron ndiyo mazalio makuu ya heroe wadogo kwa Afrika Mashariki nzima. Gari liache mbali, tembea. Magadi ya ufukweni yanaonekana magumu kama saruji, kumbe ni ukoko juu ya tope, na gari likitoboa ukoko huo, liwe la nani, litakaa. Karibu na kijiji kuna nyayo zaidi ya 400 za binadamu wa kale, zilizobaki kwenye tope la majivu lililoganda kwa maelfu ya miaka. Wale walipita kwa miguu na alama zao zimedumu kuliko za tairi yoyote.

Kisha tukaanza kupanda ukuta. Mawe, kona, kona, mawe. Kwa wenye gia ndogo hii ni sikukuu, na yule wa mahindi akatangulia kwa kelele, kiyoyozi kwa nguvu zote. Katikati ya mlima tukamkuta boneti iko juu, mvuke unatoka kama jiko la pilau. Yale mataa makubwa ya mbele na bango la ukoo wake vilikuwa vimeziba rejeta, na vumbi la bondeni likamalizia kazi. Gari lenye kila kitu limeshindwa kwa sababu ya mapambo.

Hapa sikiliza kwa makini. Gari likichemka usifungue kifuniko cha rejeta, unaweza kuondoka na uso mwingine. Simama, zima kiyoyozi, acha lipoe muda wa kutosha, kisha ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Tulisubiri, tukafungua mataa, tukapuliza eya klina iliyojaa majivu. Mwalimu alipita na kigari chake kwa gia ndogo, mwendo wa mtu anayekwenda kanisani, akasimama kileleni kutusubiri. Hakusema neno. Angesema ingekuwa nafuu.

MWAKA ULE WA KIKOMBE

Juu ya ukuta huo ndiko iliko Samunge, na hapo ubishi wetu wa magari unaacha kuwa utani.

Mwaka 2011 nchi nzima, na majirani zetu wote, walifunga safari kwenda kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, aliyefariki mwaka 2021. Kikombe kilikuwa Sh 500. Haikuthibitishwa kitaalamu kwamba dawa ile iliponya, lakini maelfu waliiamini, wakapakiwa ndani ya kila kitu chenye tairi: mabasi, magari madogo, mashangingi, na wenye uwezo wakapanda helikopta. Wengi walipita njia hii hii, kwenye majivu haya haya. Foleni ikanyoosha kilometa nyingi, na wapo wagonjwa waliofia humo kabla ya kufika.

Fikiria, msomaji. Una mama yako mgonjwa kiti cha nyuma, umekodi gari kwa akiba ya ukoo, mwenye gari amekuapia ni fowili. Kwenye korongo chini ya Lengai linakaa kwa tumbo. Hapo ndipo unapojua tofauti ya kiunganishi na gia ndogo, na unaijua kwa bei mbaya. Na kwa watu wa vijiji vile, safari ya mgonjwa haikuanza wala kuisha mwaka 2011. Kwao swali la gari lipi linapita si la baa. Ni la mjamzito, la usiku wa masika, na korongo limejaa.

KABLA HUJATOA HELA

Basi ukitaka kununua, acha kusoma nyuma ya gari, lala chini ulione. Uliza mwaka kwanza, jina baadaye. Tafuta gia ndogo, na ukiiona iingize, kwa sababu ikikaa miaka bila kutumika huweza kukwama. Angalia maji ya rejeta injini ikiwa baridi. Linganisha tairi zote nne. Uliza spea zinapatikana wapi na kwa siku ngapi. Kama safari zako ni Sinza na Kimara, na mara moja kwa mwaka kijijini kuona wazee, gari la kiunganishi linakutosha, hela inayobaki soma watoto. Kama kazi yako ni ya njia kama hii, chukua gia ndogo hata kama rangi imechoka.

Na ukienda Natron beba koleo, kipimo cha upepo, pampu, tairi mbili za akiba na maji lita 20 kwa kila gari. Korongo likiwa na maji yanayokwenda kasi, subiri yapungue, hata kama juu kwako mbingu ni nyeupe, maana mvua ya mlimani inafika bila barua. Mkipita mchangani mmoja atangulie, mwingine asubiri.

Ukitoka kwenye mchanga, rudisha upepo kwenye tairi kabla hujakutana na lami. Safari njema, wiki ijayo tukijaliwa.